Wasifu wa baba aliyependa kuchekesha: nianzie wapi?

*Shikamoo. Baba yetu alifariki wiki tatu zilizopita, tukamzika hapa Tabora. Sisi ni Wanyamwezi, Wakatoliki. Alianza kazi ya ufundi wa reli mwaka 1975 akastaafu mwaka 2014, na nyumbani yeye ndiye aliyekuwa akituvunja mbavu. Siku ya mshahara alikuwa akigonga mlango wake mwenyewe na kuuliza kwa sauti ya kubana pua, "Samahanini, hapa ndipo wanapouza watoto?" Makaburini ilisomwa historia ya dakika tatu: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, aliugua, ameacha mjane, watoto watano na wajukuu tisa. Nilihisi anazikwa mtu mwingine. Arobaini ni siku 19 zijazo, na ukoo umenipa kazi ya kuandika wasifu wake na kuusoma. Kila nikishika kalamu naona kitanda cha hospitali tu. Kaka yangu mkubwa anasema vichekesho ni kumvunjia marehemu heshima, tena msomaji awe yeye. Mimi naogopa nitalia mbele za watu. Na kuna jingine: baba ana mtoto aliyempata kabla hajamwoa mama. Makaburini hakutajwa, na mama hajasema neno. Nianzie wapi?*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Barua yako ina mambo manne yaliyofungwa kwenye kitenge kimoja: kumbukumbu iliyoganda hospitalini, ubishi juu ya vichekesho, hofu ya kulia, na mtoto ambaye jina lake halikusomwa. Tutayafungua moja moja. Kabla ya hapo niitetee kidogo ile historia ya makaburini, maana naona imekuumiza kuliko ilivyostahili.

Historia inayosomwa makaburini ina kazi yake. Watu wamesimama juani, jeneza linasubiri, wengine wametoka mbali na hawajui hata jina kamili la marehemu. Pale kinachotakiwa ni kumtambulisha: ni nani, wa ukoo gani, alifanya kazi wapi, ameacha nani. Dakika tatu zinatosha. Aliyeiandika hakumkosea baba yako, alijaza fomu. Wasifu wa arobaini ni kitu kingine. Watu wamekaa chini ya turubai, hakuna mwili unaosubiri, na wengi wao walimfahamu. Hawahitaji kuambiwa alikuwa nani. Wanataka wamwone tena kwa dakika saba au nane. Kwa hiyo usichukue ile karatasi ukairefusha. Anza na karatasi tupu.

Sasa hicho kitanda cha hospitali. Akili ikiwa na majonzi huleta kwanza kilicho karibu na kilichouma zaidi, na wewe ulikaa kando ya kitanda kile siku nyingi bila usingizi wa kutosha. Kwamba ndicho unachokiona sasa haina maana kwamba mengine yamefutika. Yapo, ila yanahitaji kitu cha kuyavuta. Kosa ambalo karibu kila mwandishi wa wasifu hulifanya ni kujiuliza, "Baba alikuwa mtu wa namna gani?" Swali pana namna hiyo huzaa sifa tupu: mcheshi, mchapakazi, mpenda watu, aliyeipenda familia yake. Ni za kweli, lakini zinaweza kusomwa juu ya kaburi lolote la hapo mjini na hakuna atakayeshtuka. Kumbukumbu haijashikizwa kwenye sifa. Imeshikizwa mahali, kwenye vitu, harufu na saa za siku.

Basi kaa kwenye kiti alichokalia, jioni, saa aliyozoea kukaa pale. Shika kitu chake: tochi, kofia, redio, ufunguo wa baiskeli. Jiulize maswali madogo hadi yaonekane ya kitoto. Akiamka, sauti ya kwanza kusikika nyumbani ilikuwa ipi? Kabla hajakasirika alifanya nini na mikono? Kitu gani hakutaka mtu akiguse? Neno gani alilitamka kwa namna yake mwenyewe? Akicheza drafti au karata, alishindaje na alishindwaje? Nani alimuogopa? Jibu lolote likija liandike kwenye kipande chake cha karatasi, bila kulipima kama linafaa. Kitanda cha hospitali nacho kikija, usishindane nacho. Kiandike kwenye karatasi yake, ukiweke pembeni. Mara nyingi kikishaandikwa hukupa nafasi ya kuona kilicho nyuma yake.

Kumbukumbu zako peke yako hazitoshi, kwa sababu wewe ulimjua kama baba tu. Ongea na watu sita hadi wanane: aliyefanya naye kazi karakana, jirani, shangazi au baba mdogo, ndugu zako, mjukuu mmoja mkubwa na mmoja mdogo, na mama. Zungumza na kila mmoja peke yake. Wakikaa pamoja, wa kwanza kusimulia huwa anawabadilishia wengine kumbukumbu bila wao kujua. Mzee mmoja akisema gari la mkaa lilikuwa jekundu, baada ya nusu saa watatu watakuwa "wameliona" jekundu. Dakika 20 kwa kila mtu zinatosha. Omba ruhusa, rekodi kwa simu, iweke mezani mbali na redio na feni. Usianze na "Nielezee baba." Anza na "Mara ya mwisho alikuchekesha kwa kitu gani?" kisha unyamaze. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kuongeza neno, maana simulizi nzuri huja baada ya kimya ambacho wengi hukimbilia kukijaza. Simulizi mbili zikigongana, usipige kura. Chukua ya aliyeshuhudia kwa macho yake, au useme waziwazi, "Shangazi anasimulia kwamba…"

Jambo moja la haraka, lifanye leo: simu ya baba. Kama alikuwa akituma ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, hiyo ndiyo sauti yake, na inaweza kupotea. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa kawaida hufutwa baada ya siku 120, na laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hufungwa na namba kupewa mtu mwingine. Kila mwenye ujumbe wake afungue mazungumzo yake na baba, aguse vidoti vitatu vya juu, aende kwenye Zaidi, achague kuhamisha mazungumzo pamoja na sauti na picha, ajitumie kwa barua pepe. Halafu nakala moja iwekwe nje ya simu, kwenye kompyuta au flashi. Anayekohoa kwanza kabla ya kusema "Haloo" ni baba yako zaidi kuliko picha yoyote ya ukutani.

Kuhusu tarehe, nyumba za watu wa reli zina mtego wake. Baba yako alianza kazi mwaka 1975, na wakati huo mwajiri alikuwa Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, likaundwa Shirika la Reli Tanzania, TRC. Mwaka 2007 uendeshaji ukaingia kwenye kampuni iliyoitwa TRL, na alipostaafu mwaka 2014 bado ilikuwa TRL. Jina la TRC lilirudi kwa sheria ya mwaka 2017, yeye akiwa tayari nyumbani. Kwa hiyo ukifungua bahasha yake utakuta karatasi zenye waajiri watatu. Usiandike kwamba alihamahama. Alibaki kwenye reli ileile, mabango ndiyo yaliyobadilika, na hilo peke yake ni sentensi nzuri ya wasifu: miaka 39, mwajiri akabadilika majina, yeye na spana yake wakabaki. Tarehe ya kuzaliwa ilinganishe kwenye cheti cha ubatizo, kitambulisho na karatasi za kustaafu. Wazee wengi waliandikiwa tarehe kwa makadirio walipoanza shule au kazi, basi zisipokubaliana andika mwaka na neno "hivi", usitunge siku.

Sasa nije kwa kaka yako, kwa heshima yake, maana hajakosea kila kitu.

Kuna kicheko kinachomdhalilisha marehemu, na huenda ndicho anachokiogopa: mlevi kushika kipaza sauti, stori ya chumbani, au kumcheka mzee kwa jinsi alivyokuwa dhaifu mwishoni. Hapo kaka ana haki kabisa. Lakini kusema kwamba kicheko chenyewe hakina nafasi msibani ni kusahau tulikotoka. Ninyi ni Wanyamwezi, mna watani. Husimuliwa kwamba utani wenu na Wazaramo na makabila mengine ya njiani ulikua enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wakitembea kati ya Tabora na pwani na kuhitaji pa kulala na wa kuwazika. Mtani msibani huvaa koti la marehemu, huiga mwendo wake, hulala kaburini akidai fidia, na huyohuyo ndiye anayechimba, anayebeba maji na kuosha masufuria. Anapewa ruhusa hiyo kwa sababu wafiwa hawawezi kujichekesha wenyewe, na mwili uliokaza kwa kilio unahitaji mahali pa kulegea. Wazee walilijua hilo mapema.

Mpaka wa kupima ni huu: je, watu wanacheka pamoja na baba, au wanamcheka baba? Kichekesho alichokifanya yeye mwenyewe, mbele za watu, akakirudia kwa miaka, ni mali yake halali. Kukisoma ni kumpa nafasi ya kuchekesha kwa mara nyingine. Kisa ambacho yeye angekionea aibu ukikisimulia mbele ya paroko na wakwe, kiache. Kama mna mtani anayeheshimika, mpe dakika tano baada yako, na mkubaliane kabla yasiyoguswa: ugonjwa, fedha, na habari ya yule mtoto. Zawadi yake ya utani iwe imeandaliwa na kamati, asije akaanza kudai mchango katikati ya sala.

Na sasa nikuonyeshe jambo ambalo, naamini, ndilo litakaloamua wasifu huu. Umeandika kuhusu mlango kama kichekesho. Usome tena huo mstari. Ilikuwa *siku ya mshahara*. Siku ambayo nyumba nyingi huwa zinachungulia barabarani zikijiuliza baba atafika saa ngapi na atafika na kiasi gani, wa kwenu alikuwa mlangoni anauliza bei ya watoto. Hapo huna baba mcheshi pembeni na baba aliyejali familia pembeni. Ni tendo moja. Ukiandika aya ya "ucheshi wake" na aya nyingine ya "mapenzi yake kwa familia", utamkata vipande viwili. Tafuta visa vingine vya aina hiyo, ambavyo mzaha na kujali vimo ndani ya mlango mmoja.

Linganisha. Hivi ndivyo wengi wangeandika: "Marehemu alikuwa mcheshi sana na aliipenda mno familia yake, hata siku za mshahara alikuwa akifanya utani na watoto." Haionekani sura wala haisikiki sauti. Sasa tazama hii. Mengine nimeyajaza kwa kubuni ili uone umbo, wewe weka ya kweli: "Tarehe ya mshahara ilikuwa na sauti yake. Tulisikia kengele ya baiskeli, halafu kimya, halafu mlango: ngo, ngo, ngo. 'Samahanini, hapa ndipo wanapouza watoto?' Mama anajibu kutoka jikoni, 'Wapo, lakini wanakula sana.' 'Basi nitachukua wote, nina mkate.' Mkate ulikuwa kwapani, na bahasha ya mshahara ilikuwa haijafunguliwa."

Kilichoongezeka ni vitu vinne tu: sauti kabla ya maneno, nani alijibu na alijibuje, alibeba nini, na kitu kimoja kilichoonekana bila kuelezwa maana yake. Usiongeze "hii inaonyesha jinsi alivyotujali." Bahasha isiyofunguliwa imeshasema. Ukiongeza ufafanuzi unawanyima wasikilizaji nafasi ya kuliona wenyewe, na hapo ndipo machozi na kicheko hutoka pamoja. Muulize pia mama na ndugu zako: mchezo huo ulikoma lini? Mlipokua? Aliurudisha kwa wajukuu? Jibu la swali hilo huenda likawa mwisho wa wasifu wako.

Urefu: ukisoma kwa utulivu mbele za watu, Kiswahili huenda maneno 100 hivi kwa dakika, maana maneno yetu ni marefu. Jipime kwa saa ya simu. Kwa hiyo dakika saba au nane ni maneno 700 hadi 800, si zaidi. Anza na mlango, usianze na kuzaliwa. Wakishacheka mara ya kwanza ndipo uwape wazazi, kijiji na shule kwa maneno 100, reli kwa 150, kisha nafasi kubwa iliyobaki ipe nyumba. Visa vitatu vinatosha. Vikizidi, kila kimoja kinamfukuza mwenzake. Ugonjwa upewe sentensi mbili, na kama familia haitaki kuutaja jina, "aliugua kwa miezi kadhaa" inatosha. Weka pia dosari moja ndogo, ya kuchekesha, kwa mfano kwamba hakukubali kabisa kushindwa drafti. Watu wakisikia mtu asiye na kasoro hata moja huacha kusadiki na yale mema. Ila madonda makubwa, kama yapo, hayafunguliwi kwenye kipaza sauti. Madeni nayo si kazi yako. Msemaji wa familia atayatangaza kwa wakati wake.

Yule mtoto. Hapa nakuomba uende polepole. Njia zipo tatu: kuwataja watoto wote sita kwa majina, kwa mpangilio wa kuzaliwa, bila kueleza nani ni wa mama yupi; kusema "ameacha mjane, watoto na wajukuu" bila idadi; au kurudia "watoto watano". Hiyo ya tatu ikatae. Makaburini inaweza kuhesabiwa kuwa haraka ya siku ile, lakini ikirudiwa arobaini itakuwa ni uamuzi, na majirani wanaojua wataisikia kuliko kitu kingine chochote utakachosoma. Kwa maoni yangu, ile njia ya kwanza ndiyo ya haki. Alizaliwa kabla ya ndoa, hakuna aliyesalitiwa, na naye amefiwa na baba. Lakini si wewe wa kuitangaza ghafla. Zungumza na mama peke yenu, mapema, bila kaka na bila shangazi, ujue kimya chake kina nini: hasira, aibu, au kusubiri tu aulizwe. Kisha lipelekwe kwenye kikao cha familia. Mama akisema bado, tumia njia ya pili. Ni ya kweli na haimuumizi yeyote. Na kama mtoto huyo atakuwapo, mhoji kama ulivyowahoji wengine. Ana visa vya baba yako ambavyo ninyi hamna.

Usiuchanganye wasifu na mirathi. Kusoma jina hakumpi mtu nyumba, na kuliruka hakumnyimi. Mirathi ina msimamizi anayeteuliwa na mahakama, na ndiko hoja zinakopelekwa. Ila karatasi iliyosomwa mbele za watu mia mbili ikisema "watoto watano" inaweza kuibuka kwenye ugomvi miaka ijayo. Kama kuna dalili za mvutano juu ya nyumba au mafao, muone wakili au msaidizi wa kisheria wa eneo lenu kabla ya kikao, si baada yake.

Nani asome? Desturi ya mtoto wa kiume mkubwa ina uzito wake, lakini si amri, na ukoo umeshakupa kazi hiyo. Unaweza kugawana na kaka: yeye afungue kwa ukoo, tarehe, kazi na orodha ya watoto, sehemu inayodai mamlaka, kisha wewe usome ya nyumbani. Faida yake ni amani. Hasara ni kwamba ule mwanzo wa mlangoni utausubiri, na wasomaji wawili hukata mwendo. Ukiona amani ina thamani zaidi, gawaneni, ila mfanye mazoezi pamoja angalau mara mbili. Ukiona kaka anataka sehemu yake ili afute ya kwako, basi wazee waamue, msibishane ninyi wawili.

Hofu ya kulia ina dawa zaidi ya unavyodhani. Lile donge la kooni lina sababu ya mwili. Ukijawa na majonzi, njia ya hewa kooni hufunguka ili uvute pumzi nyingi, na papo hapo unajaribu kumeza na kusema, kazi zinazotaka misuli ileile ijifunge. Ikivutana, sauti hukatika. Kwa hiyo usisukume maneno kupitia donge. Nyamaza, toa pumzi nje polepole kuliko ulivyoivuta, kunywa funda la maji ya uvuguvugu, tazama kitu kilicho mbali kama nguzo ya turubai, kisha anza upya sentensi nzima. Watu watasubiri. Kimya cha sekunde kumi kwako ni saa nzima, kwao ni heshima.

Mazoezi ndiyo yanayosaidia zaidi. Soma kwa sauti, ukiwa umesimama, mara moja kila siku tangu rasimu ikamilike. Mara ya kwanza utalia, ya tatu utalia pale pale, ya nane utapita ukiwa na machozi lakini sauti ipo. Sehemu zinazokuvunja ziwekee alama ya kupumua, na baada yake weka sentensi fupi isiyo na uzito. Binamu mmoja akae karibu na nakala yake, akifuata kwa kidole. Ukimgusa mkono, anaendelea kutoka kidole kilipo, bila kutangaza lolote.

Chapisha kwa herufi za ukubwa wa 16, nafasi ya mstari na nusu, upande mmoja wa karatasi; zitakuwa kurasa nne au tano. Kila ukurasa uishe kwenye nukta. Zipe namba na usizibane kwa pini, ili uliyosoma iteleze chini ya nyingine. Miaka iandike kwa maneno, "elfu moja mia tisa sabini na tano", kwani macho yenye machozi hukwama kwenye tarakimu. Usisome kutoka kwenye simu: jua litakufichia kioo, au mtu atapiga katikati ya jina la babu. Kipaza sauti kiwe umbali wa kiganja kutoka mdomoni, chini kidogo ya kidevu.

Muulize paroko mapema wasifu usomwe wapi. Mwongozo mkuu wa Misale ya Kirumi, namba 382, unataka homilia, yaani mahubiri, ya Misa ya mazishi isigeuke hotuba ya kumsifu marehemu, na mapadre wengi hushika mwelekeo huohuo kwenye Misa za kumbukumbu. Kwenu mahali panapofaa ni nyumbani, baada ya Misa, kabla ya chakula. Baada ya chakula nusu ya watu watakuwa wanatafuta viatu.

Neno kuhusu afya zenu. Wiki tatu ni mapema mno. Kulia kila siku, kusikia hatua zake usiku, kusahau ulichotumwa dukani, yote hayo si ugonjwa. Lakini mama asipokula au asipolala siku kadhaa mfululizo, kama anatumia dawa za presha au sukari na ameziacha, au ndugu yeyote ameanza kunywa pombe ili alale, msisubiri arobaini ipite. Nendeni kituo cha afya. Mtu akisema hataki kuishi au anataka kumfuata mzee, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hospitali ya rufaa ya mkoa ulizieni kliniki ya afya ya akili. Shirika la Afya Duniani linahesabu majonzi kuwa maradhi ya kutibiwa yanapobaki makali kiasi cha kumzuia mtu kuishi maisha yake kwa angalau miezi sita, na kupita desturi ya jamii yake ya kuomboleza. Weka hilo akilini kwa ajili ya mama na kwa ajili yako.

Kesho anza na yule mzee wa karakana, kwa sababu yeye ataanza kucheka kabla yako. Wiki ya kwanza kusanya, mama awe wa mwisho kuhojiwa. Siku ya kumi rasimu iwe imekamilika. Kabla hajaiona kaka, paroko wala kamati, msomee mama, ninyi wawili tu, mkiwa mmekaa jikoni. Mstari atakaousema "ondoa", uondoe bila kumuuliza sababu. Na kama alimjibu baba kitu kingine pale mlangoni, siyo nilichobuni mimi, hapo ndipo utakapokisikia.